Mbio Zilizohama Mlimani

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Machi, wakati kiangazi cha Rasi ya Tumaini Jema kinapoanza kulegea na zabibu za mashamba kuwa zimekwisha kuchumwa kwa sehemu kubwa, hukusanyika karibu na mji wa Cape Town waendesha baiskeli wapatao 1,200, wanaume kwa wanawake, baadhi yao mabingwa wa dunia na wa Olimpiki, na walio wengi mawakili, matabibu, wahandisi na wafanyabiashara waliotenga akiba na likizo zao, ili washindane kwa muda wa siku nane katika mbio za baiskeli za milimani zijulikanazo kwa jina la Cape Epic. Mbio hizo ziliasisiwa mwaka 2004 na Kevin Vermaak, raia wa Afrika Kusini aliyepata fikira hiyo baada ya kushiriki mashindano ya namna hiyo katika nchi ya Costa Rica, na baada ya muda usio mrefu zikapandishwa daraja la juu kabisa na shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli, hata ikawa ni nadra kumpata bingwa wa baiskeli za milimani ambaye hajawahi kuja Rasini kuzijaribu.

Katika mbio za mwaka 2017 ilikusudiwa kwamba siku ya kwanza ifanyike katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ambacho majengo yake yamepangwa ngazi kwa ngazi juu ya mteremko wa Devil's Peak, kilele kilichosimama ubavuni mwa Table Mountain, mlima wa kilele bapa ambao mabaharia wa karne nyingi waliutumia kuwa alama ya kuitambua bandari. Lakini ilipowadia tarehe 19 Machi washindani hawakwenda chuoni. Walikwenda Meerendal, shamba kongwe la mvinyo upande wa Durbanville, kaskazini ya mji, kwa sababu vyuo vikuu vya Afrika Kusini vilikuwa vimetikiswa kwa miaka miwili na maandamano ya wanafunzi, na hapakuwa na mtu wa kudhamini kwamba milango ya chuo ingekuwa wazi asubuhi ile. Ni habari ya mistari michache katika ukurasa wa michezo, na msomaji asiyependa baiskeli huipita bila kusita. Mimi naiona ni kubwa kuliko kimo chake, maana ndani yake wamekutana watu wa namna mbili walioutaka mlima mmoja kwa haja mbalimbali, na kila upande ulikuwa na hoja.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, kwa kuwa wasomaji wetu walio wengi wanaijua baiskeli kuwa chombo cha kuchukulia maji, mkaa na abiria, wala si chombo cha kupandia majabali. Baiskeli ya milimani ina matairi mapana yenye meno, ina springi za kupunguza mishtuko ya mawe na mashimo, na gia za kumwezesha mtu kupanda mahali ambapo mpita kwa miguu angetafuta fimbo ya kuegemea. Katika Cape Epic watu hushindana wawili wawili, na ni sharti wenzi hao wasitengane njiani kwa zaidi ya dakika mbili. Mmoja wao akivunjika mkono au akiishiwa nguvu, mwenziwe hana tena haki ya kudai ushindi, ajapokuwa na nguvu za kufika peke yake mbele ya watu wote. Masafa ya mwaka ule yalizidi kilomita 600, na mipando yote ikijumlishwa ilizidi mita 15,000, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya kimo cha Kilimanjaro tangu usawa wa bahari. Usiku washiriki hulala katika kijiji cha mahema, nacho hung'olewa na kusimikwa upya kila mbio zinapohamia kituo kingine.

Siku ile ya kwanza, ambayo hapa nitaiita utangulizi, ni fupi, kilomita ishirini na kitu hivi, na washindani hawaondoki kwa pamoja, bali jozi moja hutolewa baada ya nyingine tangu asubuhi hata alasiri, kila jozi ikishindana na saa. Asiyejua hudhani kuwa ni pambo la kufungulia sherehe. Kumbe muda anaoupata mtu siku hiyo ndio unaoamua ataondoka na kundi gani kesho yake, na jambo hilo lina uzito, kwa kuwa vijia vya milimani ni vyembamba, mahali pengine havizidi sana upana wa usukani, na aliyewekwa nyuma ya watu mia tano wasiojua kuteremka anaweza kupoteza nusu saa akiwa amesimama na mguu mmoja chini, akitazama visogo vya watu. Utangulizi kwa hiyo haufutiki kwa urahisi. Tena ndiyo siku ambayo mbio ziko karibu zaidi na mji mkubwa, watu wakaweza kuja na watoto wao kuwatazama mabingwa kwa karibu. Baada ya hapo msafara huingia mashambani na milimani, na mtazamaji anayeufuata hana budi awe na gari na subira.

Sasa mtu akisema "tuhamishe," amesema neno jepesi lenye kazi nzito ndani yake. Kila kipande cha njia kina mwenyewe, naye ni lazima atoe ridhaa; sehemu kubwa ya Table Mountain imo ndani ya hifadhi ya taifa, na hifadhi ina idhini zake na masharti yake; matabibu hutaka kujua mahali ambapo gari la wagonjwa litafika na mahali ambapo haliwezi kufika ila helikopta; watu wa televisheni hutaka sehemu ya kusimamisha mitambo yao; polisi hutaka kujua barabara zipi zitafungwa na kwa saa ngapi; na juu ya hayo yote kuna vyoo, maji, maegesho ya magari ya maelfu ya watazamaji, na vibao vya alama ambavyo hupigwa nyundo kimoja kimoja kwa mkono. Bahati ya waandaaji ni kwamba Meerendal hapakuwa ugenini. Utangulizi ulikuwa umefanyika huko miaka iliyotangulia, vijia vyake vilijulikana, wenye shamba walikuwa wamekwisha zoea vishindo vya wageni, na eneo lote ni milki binafsi, lenye geti na barabara ya kuingilia. Ukitafuta kinyume cha chuo kikuu kilicho katika msukosuko, hutapata kilicho kamili kuliko shamba la mvinyo.

Na hapo ndipo pana siri ya mambo haya. Mpira wa miguu huchezwa ndani ya ukuta: kuna milango, kuna tiketi, na serikali ikiazimia mchezo uchezwe, yaweza kuuzungusha uwanja kwa askari na kuuchezesha hata mji ukiwa unawaka moto. Mbio za milimani hazina ukuta. Njia ya kilomita ishirini na tano inayopanda na kushuka kwenye misitu na magenge haizungushiki kwa askari, na kumkwamisha mwendesha baiskeli anayeteremka kwa kasi ya gari hakuhitaji jeshi. Watu kumi waliokaa chini katikati ya kijia wanatosha, na huenda hata mmoja akatosha. Kwa hiyo mbio za namna hii huendeshwa kwa ridhaa ya wenyeji kuliko michezo mingi niijuayo, na ridhaa hiyo, kama ilivyo desturi ya ridhaa, haionekani maadamu ipo. Huonekana siku inapoondoka.

Je, katika chuo kile iliondokaje? Hatuwezi kulijibu swali hili bila kuitazama ardhi yenyewe. Chuo Kikuu cha Cape Town asili yake ni shule iliyoanzishwa mwaka 1829, lakini mahali kilipo leo ni sehemu ya milki ya Groote Schuur, aliyoiacha kwa wasia Cecil Rhodes, yule tajiri wa almasi na waziri mkuu wa Rasi ambaye nchi mbili zilipachikwa jina lake zisipate kulivua mpaka zilipojitawala. Majengo yalianza kupanda mteremkoni katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 ikazinduliwa sanamu ya Rhodes mwenyewe, ameketi, kidevu mkononi, akitazama bara alilotamani kulitawala kutoka kusini hata kaskazini. Kwa miaka zaidi ya themanini wanafunzi walipita mbele yake wakienda kusoma, na katika hao, baada ya siasa ya ubaguzi kuanguka, wakawamo vijana wengi ambao babu zao waliporwa ardhi kwa sheria alizozitunga mtu yule.

Tarehe 9 Machi 2015 mwanafunzi mmoja, Chumani Maxwele, akaimwagia sanamu hiyo kinyesi. Kitendo hicho kiliwachukiza wengi na kuwaamsha wengi zaidi, na mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 9 Aprili, sanamu ikang'olewa kwa winchi mbele ya umati. Waliodhani kuwa sasa ghadhabu itatulia, kwa kuwa sanamu imekwisha ondoka, hawakuwa wameelewa kwamba sanamu ilikuwa dalili tu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mjini Johannesburg, kikatangaza nyongeza ya ada ya asilimia 10.5 kwa mwaka uliofuata. Tarehe 14 wanafunzi wakaziba milango ya chuo. Na kabla ya siku saba kwisha moto ulikuwa umeenea nchi nzima. Tarehe 21, wakati waziri wa fedha, Nhlanhla Nene, alipokuwa akisoma bungeni makadirio yake mjini Cape Town, wanafunzi waliingia katika ua wa Bunge, wakatawanywa kwa mabomu ya kishindo. Tarehe 23 umati mkubwa ulikusanyika mbele ya majengo ya serikali mjini Pretoria, na Rais Jacob Zuma akatangaza kwamba kwa mwaka 2016 nyongeza itakuwa sifuri.

Ni vema kufahamu ni nani waliokuwa wakilia, kwa sababu mara nyingi habari hizi husimuliwa kana kwamba ni watoto wa watu waliochoka kusoma. Serikali ilikuwa na mfuko wa mikopo kwa wanafunzi maskini, lakini mfuko ule uliwahusu tu wale ambao pato la nyumba yao kwa mwaka halikuzidi randi 122,000. Mtoto wa mwalimu na muuguzi, au wa konstebo wa polisi, alihesabiwa kuwa ni tajiri mno wa kusaidiwa, ilhali benki ilimhesabu kuwa ni maskini mno wa kukopeshwa. Akabaki amening'inia katikati, akijua kila mwisho wa mwaka kwamba matokeo yake ya mtihani yatazuiliwa kwa sababu ya deni. Na hawakujililia wao peke yao. Katika madai yao walitia pia haki za wafagizi, wapishi na walinzi wa vyuo, ambao walikuwa wameajiriwa kwa njia ya makampuni ya kati kwa ujira hafifu. Na mwishoni mwa Oktoba 2015 Chuo Kikuu cha Cape Town kikakubali kuwarudisha wafanyakazi hao katika ajira yake chenyewe. Naitaja habari hii kwa makusudi, kwa maana mtu anayepigania mshahara wa mfagizi wa bweni lake si mhuni, hata kama siku hiyo ameziba barabara.

Walakini insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Mwezi wa Februari 2016 wanafunzi wa chuo hicho hicho walisimamisha kibanda cha mabati katikati ya eneo la chuo, waonyeshe dhiki ya wale waliokosa mabweni. Kibanda kilibomolewa, na katika ghasia za siku zile basi la chuo likachomwa, na picha za kuchorwa zilizoondolewa kutani mwa majengo zikatiwa moto. Kisha tarehe 19 Septemba 2016 waziri wa elimu ya juu, Blade Nzimande, akatangaza kwamba kwa mwaka 2017 vyuo vinaweza tena kuongeza ada, mradi visipite asilimia 8, na ingawa aliahidi kwamba serikali ingewalipia nyongeza hiyo walio maskini, tangazo lenyewe lilikuwa kibiriti. Masomo yalisimamishwa mlimani, na baadhi ya mitihani ya mwaka 2016 ikasogezwa hata Januari 2017. Basi fikiri wewe ni mwandaaji wa mbio, una watu 1,200 waliokwisha kulipa, wengi wao wakitoka ng'ambo, na mwenyeji wako ni chuo ambacho mitihani yake ya mwaka jana inafanywa mwaka huu. Kumwahidi mgeni wa kutoka Uswisi kwamba saa moja asubuhi ya siku fulani ataondoka kutoka uwanja wa chuo hicho ni kuahidi usichokimiliki. Kuhama kulikuwa busara, wala sioni haya kusema hivyo.

Ninachokataa ni ile tabia ya kuwahesabu wanafunzi pamoja na mvua na upepo, kana kwamba maandamano ni tufani iliyotoka baharini isiyo na sababu wala mwenye kauli. Mbio zilipohamishwa, watu wa nje walisikia neno "usalama" na kuridhika nalo. Neno hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba ilikuwa vigumu kuusimamisha mteremko ule uwe jukwaa la sherehe ya watu ambao vyombo vyao vya kupandia, kimoja kimoja, viliweza kulipa ada ya mwanafunzi kwa mwaka mzima, wakati wanafunzi walikuwa wakifukuzwa papo hapo kwa kukosa ada hiyo. Sisemi kuwa waendesha baiskeli ni watu wabaya; kati yao wamo waliofanya mema, mathalani Christoph Sauser wa Uswisi, mshindi wa mara tano wa mbio hizo, ambaye pamoja na mwenyeji mmoja wa Kayamandi, mtaa wa watu weusi kando ya Stellenbosch, walianzisha shirika la kuwafundisha watoto wa mtaa huo masomo na baiskeli. Nasema tu kwamba mahali huwa na kumbukumbu, na mgeni anayechagua mahali kwa uzuri wa mandhari yake huchukua na kumbukumbu hizo, atake asitake.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kwenda mpaka Rasini ili kuyajua machungu ya vyuo vya mlimani. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam, wamevaa majoho yao, waliandamana hata Ikulu kuyapinga masharti ya utumishi wa taifa, wakilalamikia hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawafukuza zaidi ya mia tatu warudi makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia ishirini, na wa mawaziri wake pia, kwa kuwa katika kelele zao alikuwa amesikia neno moja la kweli kuhusu mishahara ya wakubwa. Ni kisa cha ajabu, na sijui kingine kinachofanana nacho, ambapo mtawala aliwaadhibu waandamanaji na kukubali hoja yao katika siku moja.

Tukirudi kwenye michezo, Cape Town si mahali pa pekee ambapo wanafunzi wamebadilisha ratiba. Katika Chile mwaka 2019, nauli ya treni za chini ya ardhi za Santiago iliongezwa kwa peso 30, na wanafunzi wa sekondari wakaanza kuruka vizuizi vya vituo bila kulipa. Tarehe 18 Oktoba mchezo huo wa vijana ukageuka kuwa uasi wa nchi nzima, kwa maana watu wazima walikuwa na malalamiko yao ya miaka thelathini wasiyopata pa kuyatolea. Fainali ya Copa Libertadores, kombe kuu la vilabu vya Amerika ya Kusini, ilikuwa ichezwe Santiago tarehe 23 Novemba, tena ilikuwa mara ya kwanza fainali hiyo kuamuliwa kwa mchezo mmoja katika uwanja uliochaguliwa mapema. Tarehe 5 Novemba ikahamishiwa Lima, Peru, zikiwa zimebaki siku 18. Flamengo ya Brazili ikaifunga River Plate ya Argentina mabao 2 kwa 1, mabao yake yote mawili yakiingia katika dakika za mwisho kabisa, na dunia ikakumbuka mabao, ikasahau Santiago. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa hali ya hewa, uliokuwa ufanyike Chile mwezi uliofuata, nao ulikwenda Madrid.

Kisa cha Bangladesh kinaniuma zaidi. Mwezi wa Juni 2024 mahakama iliirudisha kanuni ya kuwatengea wazao wa wapigania uhuru wa mwaka 1971 asilimia 30 ya kazi za serikali, katika nchi ambayo vijana waliosoma na kukosa kazi hawahesabiki. Wanafunzi wakatoka mabarabarani. Mahakama Kuu Kabisa ikaipunguza sehemu hiyo hata asilimia 5 mwezi wa Julai, lakini damu ilikuwa imekwisha kumwagika, mamia ya watu waliuawa, na tarehe 5 Agosti Waziri Mkuu Sheikh Hasina akajiuzulu na kukimbilia India. Sasa Bangladesh ndiyo iliyokuwa iwe mwenyeji wa Kombe la Dunia la kriketi la wanawake, lile la mchezo mfupi wa ova 20, mwezi wa Oktoba. Tarehe 20 Agosti baraza la kriketi la dunia likaamua kulihamishia Dubai na Sharjah, ingawa kwa jina haki ya uenyeji ilibaki mikononi mwa Bangladesh. Nahodha Nigar Sultana na wenzake, ambao wangecheza mbele ya jamaa zao, walifungua mashindano tarehe 3 Oktoba huko Sharjah kwa kuishinda Scotland, ushindi wao wa kwanza katika kombe hilo tangu mwaka 2014. Laiti ushindi huo ungepatikana Dhaka! Watazamaji wa Kibangladeshi hawakukosekana Ghuba, kwa kuwa wako huko kwa malaki, wakijenga maghorofa na kuendesha teksi; lakini mtu aliyekwenda ughaibuni kutafuta riziki si badala ya mama aliyebaki nyumbani.

Ukizilinganisha hali hizi tatu utaona kwamba gharama ya kuhama haiangukii mahali pamoja. Huko Rasini iliwaangukia waandaaji, na kwa uchache, kwa sababu shamba lilikuwepo nusu saa hivi kwa gari. Huko Santiago iliwaangukia mashabiki waliokwisha nunua nauli za ndege, na wachuuzi na wenye hoteli waliokuwa wakiingoja siku hiyo. Huko Dhaka iliwaangukia wanawake ambao fursa ya kucheza Kombe la Dunia nyumbani pengine haitawarudia tena katika umri wao. Na kama kuna anayedhani kwamba kutohama ndiyo dalili ya ushujaa, na autazame mji wa Mexico mwaka 1968, ambapo tarehe 2 Oktoba askari waliwamiminia risasi wanafunzi katika uwanja wa Tlatelolco, idadi ya waliouawa ikagombaniwa mpaka leo, na siku kumi baadaye michezo ya Olimpiki ikafunguliwa mahali palepale palipopangwa, njiwa wakarushwa, na ratiba haikubadilika hata kwa saa moja.

Tarehe 16 Desemba 2017 Rais Zuma, akiwa katika siku zake za mwisho za uongozi wa chama chake, alitangaza kwamba elimu ya juu itakuwa bure kwa wanafunzi wapya ambao pato la nyumba zao halizidi randi 350,000 kwa mwaka. Wataalamu wa hazina walishtuka, maana tume aliyoiunda yeye mwenyewe ilikuwa imemshauri vingine. Lakini mtoto yule wa mwalimu na muuguzi, aliyekuwa amening'inia, alipata mahali pa kuweka mguu. Miezi mitatu baadaye, mwezi wa Machi 2018, Cape Epic ikaanzia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa njia ya kilomita 20 iliyopanda katika mteremko ule ule. Sitasema kwamba tangazo la Desemba ndilo lililowafungulia washindani milango. Chuo kilikuwa kimetulia kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa ni uchovu. Ila mfuatano wa tarehe upo, na anayetaka aufikirie. Mbio zilirudi mlimani tena mwaka 2019. Mwaka 2020 zilifutwa kwa sababu ya maradhi ya korona zikiwa zimebaki siku mbili tu. Na mwaka 2021 zikafanyika mwezi wa Oktoba, miezi sita baada ya moto wa mlimani kuteremka mpaka chuoni na kuunguza maktaba ya Jagger pamoja na sehemu ya hazina yake ya vitabu na picha za Afrika.

Miaka iliyofuata utangulizi ulifanyika kwenye mashamba, mwaka mmoja Lourensford, mwaka mwingine Meerendal. Mwezi wa Februari 2023 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliandamana tena, safari hii kwa ajili ya wenzao waliozuiliwa kujiandikisha kwa sababu ya madeni ya ada, na masomo yakalazimika kuhamia kwenye intaneti kwa muda. Mwezi uliofuata mbio zilianzia Meerendal kama zilivyokuwa zimepangwa tangu mwanzo, na hakuna aliyelazimika kuhamisha chochote.